Kizibao Namba Kumi na Saba

Macho ya mume yalipofifia kabisa, kizibao chake kilibaki kikining'inia nyuma ya mlango. Kilikuwa cha kijani, kimechakaa mabegani, na kifuani kimeshonewa namba kumi na saba. Kwa miaka thelathini alikivaa akiwabebea wachezaji wa gofu mifuko yao ya fimbo. Sasa msimamizi wa wabeba mifuko alikuwa ametoa neno: kizibao kirudishwe, au kivaliwe na mtu wa nyumba hiyo atakayefaulu siku moja ya majaribio.

"Watoto wako mbali," alisema mume. "Basi, kirudi."

"Kwani mimi ni mpangaji humu?" aliuliza mkewe.

"Wewe? Utaweza kutembea siku nzima?"

"Miaka ishirini nimepiga deki korido za shule, baba watoto. Ukiziunganisha zinafika mwezini."

Kwa wiki mbili walifanya mazoezi sebuleni. Kikombe kilikuwa shimo, limau likawa mpira. Mume alikaa kitini, akisikiliza.

"Umekanyaga mstari," alisema.

"Umejuaje?"

"Nimekusikia. Kati ya mpira na shimo hapapiti mtu, hata awe mke wangu."

Alimfundisha mahali pa kusimama ili kivuli chake kisimsumbue mchezaji. Alimfundisha kushika bendera ya shimo isipepee. Zaidi ya yote, alimfundisha kunyamaza.

"Macho kwenye mpira, mdomo kwenye mfuko."

"Na nikiulizwa?"

"Unachokijua, jibu. Usichokijua, meza."

Siku ya majaribio mke alipangiwa mkunga mstaafu, mama mwembamba mwenye kofia pana, aliyekuwa akishindana na daktari wa meno. Mwishoni mkunga angetia alama kwenye kadi: anafaa, au hafai. Asiyefaa alivua kizibao langoni na kukiacha hapo.

Mashimo matatu ya kwanza yalikwenda salama. Kwenye la nne, mpira wa mkunga ulitumbukia kando, penye nyasi ndefu. Mbeba mfuko wake mpya ndiye aliyeuona kwanza, na moyo ukamjaa fahari. Lakini mpira ulikuwa na tope upande mmoja. Mkono ukaitangulia akili. Aliuokota, akaupangusa kwa tambara, akaurudisha palepale, unameremeta.

Daktari wa meno alicheka hadi akashika kiuno. "Mwenzangu, mtu wako ameuogesha mpira! Pigo moja la adhabu!"

"Nimekosa nini, mama?"

"Mpira ulio mchezoni hauokotwi," alisema mkunga. "Mumeo hakukwambia?"

Hakumwambia. Alikuwa amemwambia mengi, ila hilo halikumpitia mumewe kichwani, kwa kuwa hakuna mtu anayefundishwa asile sabuni.

Toka hapo mfuko ulikuwa mzito maradufu. Kila shimo lilipokwisha, aliuona ukuta mtupu nyuma ya mlango wa nyumbani.

Kwenye shimo la tisa, la mwisho, mpira ulisimama hatua kumi kutoka kwenye bendera, juu ya nyasi zilizokatwa zikawa fupi kama zulia. Mkunga alichuchumaa, akatazama, akainuka.

"Mimi naona utakwenda kulia. Wewe unaonaje?"

Alitaka kumeza. Lakini sakafu aliijua. Alizunguka nyuma ya mpira, mbali na mstari, akainama kama aliyeshika ufagio.

"Gofu siijui, mama. Ila ningemwaga ndoo ya maji hapa, yangekwenda kushoto, taratibu. Yakifika penye ile nyasi nyeusi, yangekaza mwendo."

Mkunga akapiga. Mpira ulikwenda taratibu, ukapinda kushoto, ukafika penye nyasi nyeusi, ukakaza mwendo na kuzama shimoni.

Hata hivyo mkunga alishindwa kwa pigo moja, na wote watatu walijua ni pigo lipi.

Mkunga alitoa kalamu. Mbeba mfuko wake alitazama viatu vyake.

"Mtoto wa kwanza niliyempokea," alisema mkunga, "nilishughulika kumpangusa, nikasahau kumwambia mama yake kama ni wa kike au wa kiume. Alinisubiri, maskini, hadi akaanza kulia." Akatia alama. "Jumamosi, saa moja asubuhi. Na tambara likae mfukoni mpaka nikuombe."

Nyumbani, mume alikuwa amegeuza kiti kikaelekea mlangoni. Aliposikia hatua zake, alinyoosha mkono. Mkewe alisogea, akainama. Vidole vilipapasa kitambaa kifuani, vikaipata moja, vikaipata saba, vikatulia hapo.

"Haya," alisema baadaye. "Ulichoharibu kiseme mwenyewe, kabla wenzangu hawajanipigia simu."

Akamweleza. Mabega ya mume yakaanza kutikisika, na machozi ya kicheko yakamtiririka mashavuni.

"Umeupangusa? Mpira ulio mchezoni?"

"Ulikuwa mchafu, baba watoto."