Kiti Kipana Chenye Springi

Marehemu mumewe alimwachia muuza mikate baiskeli nzima kila mahali isipokuwa kiti, ambacho kilikuwa chembamba na kigumu kama mwiko. Kila akifika mtaa wa nne na kreti zake za mikate, miguu imekufa ganzi na matusi yamemjaa kinywani.

Fundi baiskeli wa pale jirani alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeamini kwamba baiskeli ile ilikuwa haki yake. Mara mbili alimbadilishia kiti, na mara zote mbili akampa chembamba kuliko kilichotoka.

"Hiki nacho kinaniumiza, shemeji."

"Baiskeli si kochi. Kama imekushinda, ilete."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Muuza mikate akarudi zake, akatandaza donge la unga kwenye sinia, akalifunika kwa nailoni, akalikalia. Alipoinuka palibaki mashimo mawili, pale mifupa ya makalio ilipobonyea. Akapima kwa uzi toka shimo hadi shimo, akapiga fundo.

Kesho yake aliingia nyuma ya kibanda cha shemeji, kwenye lundo la vyuma chakavu, akawa anakipima kila kiti kwa uzi ule.

"Unapima nini humo?"

"Makalio yangu."

Benchi likacheka tena, na safari hii fundi ndiye aliyenuna.

"Hiki kipana chenye springi," muuza mikate akasema. "Niuzie."

"Hakiuzwi."

"Si umekitupa?"

"Kitaozea hapohapo."

Basi muuza mikate akaketi benchini. Kila mteja aliyemuuliza anangoja nini, alimjibu kwamba anangoja shemeji yake amuuzie kiti alichokitupa. Kwa mteja wa nne, kiti kikarushwa miguuni pake.

"Chukua. Ufunge mwenyewe."

Alikifunga kwa spana ya kuazima. Siku ya kwanza alikiinua pua mno, akarudi analia kwa hasira. Akakishusha kidogo, akakisogeza nyuma upana wa kidole. Siku ya tatu alimaliza mitaa yote kabla hajakumbuka kwamba amekalia kitu.

Jioni mama mkwe, aliyeishi naye, alimkabili jikoni.

"Mwanangu anasema umemdhalilisha mbele za watu."

"Ni kweli, mama."

"Hataki kukuona tena kibandani kwake."

"Sina shida naye. Nati nimeshajua kuikaza."

Tangu siku hiyo shemeji akimwona anapita huinama kwenye gurudumu lolote lililo karibu, hata kama ni zima. Naye muuza mikate hampi salamu.