Nafasi ya Angustias

Tangu amzike mkewe Angustias, Nicasio hakuwahi kukanyaga baa ya Fermín. Jumapili hii alikwenda, kwa kuwa wiki ijayo ingefungwa. Wakubwa wa manispaa walikuwa wamempa tajiri mmoja kibali cha kugeuza jengo zima kuwa vyumba vya watalii. Kwa Nicasio, ni wakubwa hao hao waliofunga zahanati ya mtaa, Angustias akazidiwa njiani akipelekwa mbali.

Alisimama kwenye kona ya kaunta, pale walipozoea kusimama wawili baada ya misa.

"Umechakaa, mzee," Fermín alimwambia.

"Na wewe una sura ya mtu anayefukuzwa. Nipe bia mbili."

Fermín hakuuliza ya pili ni ya nani. Upande huo wa Andalusia kila kinywaji huja na kisahani cha chakula bila malipo, na mwenye baa ndiye anayechagua. Akaleta bilauri mbili na visahani viwili vya maharage mabichi yaliyokaangwa na nyama ya nguruwe. Zamani Angustias alikuwa akimdokolea nyama yote, kisha anamkaripia kwa kula polepole. Nicasio akaichambua nyama yake, akaihamishia kwenye kisahani cha pili.

Watu walizidi kujaa. Mwanamke mmoja mgeni akasogea, akauliza kama nafasi ile ilikuwa wazi.

"Hapana," Nicasio alisema. "Ina mtu."

Fermín akaendelea kupangusa kaunta, akaizunguka ile bilauri ya pili bila kuigusa.