Futi ya Mama Pacha

Asubuhi ya mkutano wa wazazi, Mama Pacha aliamka kabla ya mapacha wake, na anayewajua mapacha wa miaka minne anajua kwamba hilo peke yake ni ushindi. Aliosha uso, akajipaka mafuta mpaka visigino, akavaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, kisha akajizungusha mbele ya kioo cha wateja. Furaha ilikuwa imempanda kiasi kwamba kifungo cha juu alikifunga mara tatu kabla hakijakubali.

"Utatoboa sakafu kwa kuzunguka," mumewe alimwambia, mswaki mdomoni.

"Niache, baba watoto. Leo ni leo."

Na kweli ilikuwa leo. Saa nne asubuhi Mama Pacha, fundi cherehani asiyewahi kusimama mbele ya watu zaidi ya watano, angepewa dakika kumi za kuzungumza na wazazi wote wa chekechea. Akizungumza vizuri, Mwalimu Mkuu angempa ufunguo wa ukumbi kila Jumamosi, pamoja na mlezi wa kuwaangalia watoto, ili afundishe mazoezi ya akina mama. Aliutaka ufunguo ule kuliko alivyowahi kutaka cherehani mpya. Tangu mapacha wazaliwe, kila alichokifanya kilikuwa cha mtu mwingine: shati la huyu, uji wa yule. Hiki kilikuwa chake, alikianzisha mwenyewe, na kilikuwa hakitoshi tena katika chumba chake cha mbele, ambako ukinyoosha mkono unagonga pasi na ukirudi nyuma unakalia cherehani.

Tuseme ukweli, alikianzisha kwa aibu. Mwanzoni mwa muhula, katika mkutano kama huu, akina mama walikalishwa kwenye viti vya watoto, vile vifupi vya rangi rangi, magoti yakawafika kifuani. Kukaa walikaa. Kazi ilikuwa kuinuka. Mwalimu Mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani na asiye na mizaha, alipita safu kwa safu akiwanyooshea mikono miwili na kuwavuta mmoja mmoja, kama anayevuta ndoo kisimani. Alikwishazoea, kwani ndivyo ilivyokuwa kila muhula. Alipofika kwa Mama Pacha, goti la fundi huyu lilialika kama kuni kavu hadi baba mmoja aliyekuwa dirishani akageuka kutazama. Siku ile alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake alianza. Muda hakuwa nao, kwa hiyo akauiba.

"Mwenzangu, mama hana saa yake," aliwaambia wateja wake. "Ana dakika za watu. Basi ni kuzidokoa hizo hizo."

Maji ya chai yakiwa jikoni, alisimama kwa vidole vya miguu, akashuka, akapanda, mpaka birika lilie. Vitu vya watoto vikitapakaa sakafuni hakuinama kuviokota, alichuchumaa akainuka, na pacha mmoja mkononi, bila kushika ukuta. Mafuta ya watoto yaliyobaki kiganjani yalikwenda kwenye visigino vyake na shingoni badala ya kufutwa kwenye kanga. Glasi ya maji ilitangulia chai. Mto mmoja wa kitandani ulihamia mgongoni, kwenye kiti cha cherehani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema, lakini Mama Pacha alilifanyia marekebisho neno hilo: sharti achuchumae, mgongo ni wa kudumu nao.

Mteja akija kupimwa, naye alipewa zoezi. Hakuna aliyepimwa nyonga bila kwanza kuchuchumaa mara kumi, na aliyekuja na mtoto alichuchumaa naye. Walicheka, wakalalamika, wakarudi. Baada ya wiki mbili wakawa wanakuja hata wasio na nguo ya kushona. Mama Duka, muuza duka wa kona mwenye sauti ya kuita mtaa mzima, alikuja kila siku akifunga duka saa ya chakula cha mchana.

Sasa fundi yeyote ana daftari la vipimo, na daftari ndilo lililomvimbisha kichwa Mama Pacha. Mwanzoni kiuno cha Mama Duka kiliandikwa sentimita mia moja na nne. Wiki ya tatu, mia na mbili. Wiki ya sita, mia moja kamili. Na si yeye peke yake, maana wateja wote kumi na mmoja, akina mama wa chekechea ile ile, walishuka, kila mmoja kwa zamu yake, utadhani walipatana. Fundi alilala na daftari lile chini ya mto.

Palikuwa na kitu kimoja kidogo. Mama Duka alilalamika kwamba sketi yake ya zamani bado inambana.

"Kitambaa kimenywea kwenye maji," fundi alimjibu bila kusita. "Pamba za siku hizi hazina adabu."

Na sketi mpya aliyomshonea ilimkaa sawasawa. Wote wawili waliridhika.

Basi saa nne ikafika. Ukumbi ulijaa. Akina mama walikuwa kwenye viti vyao vifupi, watoto mapajani, akina baba wamejipanga ukutani. Mumewe Mama Pacha alikaa mbele kabisa na mapacha, ambao walikuwa wamepewa futi ya zamani ya mama yao, ile kamba ya kitambaa ya kupimia iliyofifia namba, ili watulie. Yeye mwenyewe alikuwa amejinunulia futi mpya ya manjano kwa ajili ya siku hiyo.

Alianza kuzungumza na hofu ikamtoka kama jasho. Aliwasimulia goti lililoalika, wakacheka. Aliwaambia habari ya birika na visigino, wengine wakaandika. Dakika ya saba alijiona mtu wa kuzungumza tangu kuzaliwa. Mwalimu Mkuu, mezani, aliitikia kwa kichwa, na ufunguo ulikuwa pale mezani karibu na kengele, Mama Pacha aliuona.

"Maneno hayajazi kibaba," alisema. "Mama Duka, njoo mpenzi wangu. Wiki sita zilizopita, mia moja na nne. Daftari hili hapa. Leo tupime mbele ya watu."

Mama Duka alikuja kwa madaha, mikono juu kama bibi harusi anayevalishwa. Fundi akazungusha futi ya manjano kiunoni, akaibana kwa kidole gumba, akasoma.

Mia moja na nne.

Akafungua, akazungusha upya, akamwambia Mama Duka atoe pumzi. Mia moja na nne, wala haikusogea hata uzi. Hakuna mwingine aliyeweza kuisoma namba ile, ilikuwa chini ya kidole chake. Angeweza kusema mia moja, wakapiga makofi, akachukua ufunguo na kwenda zake.

Aliinua macho, na hapo akawaona wanawe. Kila mmoja alikuwa ameshika ncha ya futi ya zamani, visigino vimekita kwenye miguu ya viti, wanavutana kwa nguvu zote walizojaliwa, nyuso zimewaiva. Huo ulikuwa mchezo wao tangu mwanzo wa muhula. Kila jioni chini ya meza ya kukatia, alipokuwa akiosha vyombo, futi ilivutwa. Na futi ya kitambaa ikivutwa inarefuka, na ikirefuka inapunguza viuno vya watu. Nguo mpya haziwezi kumwambia fundi, kwa sababu anayepima na kukata kwa futi ile ile hakosei hata akikosea. Sketi ya zamani ndiyo iliyojaribu kumwambia, naye akaisingizia maji.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata kama ingekuwa ndefu, Mama Pacha asingeiweza. Alimwazia Mama Duka akifunga duka kila mchana.

"Mia moja na nne," alisema.

Aliwaendea wanawe, akaichukua futi, akainyoosha mezani kando ya ile mpya mbele ya Mwalimu Mkuu. Ya zamani iliipita ya manjano kwa upana wa vidole vitatu na zaidi.

"Nimewadanganya," aliwaambia. "Sikukusudia, lakini nimewadanganya. Wanangu wameivuta futi, nami nikajisifu. Kumi na mmoja wote, vipimo vyenu vifuteni. Naomba radhi."

"Kwa hiyo mimi ni yule yule?" aliuliza Mama Duka.

"Kiuno ni kile kile, dada yangu."

"Wiki sita."

"Wiki sita."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akakatishwa. Mama Duka alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akampakata mwanawe bila neno, na kwa Mama Duka kukosa neno kulikuwa jambo la kutisha. Mama Pacha naye alijikalia kwenye kiti kifupi, akampakata pacha mmoja, akainamisha kichwa ili wasimwone macho. Gauni la kijani lilimwasha mwili mzima.

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma tangazo la likizo kwa sauti ile ile ya siku zote. Kisha akapiga kengele, mkutano umekwisha, na kwa mazoea ya miaka akatia vitu vyake vya mezani mkobani, akashuka safu ya kwanza na kunyoosha mikono kumvuta Mama Duka.

Mama Duka hakuiona mikono ile. Alikuwa ameshainuka. Mtoto wake, mnene kama mama yake, alikuwa amelala begani, huku yeye kwa mkono mmoja akitafuta viatu. Mwalimu Mkuu akageukia wa pili. Wa pili alikuwa amesimama anakunja kanga. Wa tatu, nesi wa zahanati, aliinuka na mtoto mkononi huku akiongea na jirani, wala hakukatisha sentensi. Mwalimu Mkuu alitembea safu nzima mikono mbele, akikosa wa kumvuta. Safu ya nyuma ndiko alikopata kazi: akina mama wawili wageni, ambao hawajawahi kukanyaga chumba cha fundi, walikuwa wanahangaika na kucheka. Aliwavuta, kisha akasimama katikati ya ukumbi akiwatazama wale kumi na mmoja.

Nesi ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Akatazama kiti, akamtazama mwanawe, akakaa tena, akainuka tena. "Jamani," alisema. Mama Duka alimwona, akajaribu na yeye, mara mbili, na sauti yake ikamrudia yote. "Mimi huyu," aliuambia ukumbi mzima, "mimi niliyevutwa kwa mikono miwili!" Wakawa wanakaa na kuinuka, watoto wanapiga kelele za furaha wakidhani ni mchezo, na akina baba ukutani hawakuelewa kitu.

Mama Pacha hakuwa ameona, kichwa chake kilikuwa bado chini. Aliona viatu vyeusi vikisimama mbele yake, na mkono mmoja ukinyooshwa. Hakutaka kuvutwa, si leo. Akamkumbatia mwanawe, akakita visigino, akainuka peke yake, na goti halikusema kitu.

Mkono ule haukurudi. Ulibaki umenyooshwa, na kiganjani mlikuwa na ufunguo.

"Jumamosi saa mbili," alisema Mwalimu Mkuu. "Futi waachie watoto. Lete watu tu, viti ninavyo."