Mama Adhis Akataa Kuwa Mbuzi

Adhis alikuwa anamkata kucha mbwa mnene wa kutoka mtaa wa Ayany, wa wale wanaokula vizuri kuliko mwalimu, wakati Khamala fundi wa vitanda alipoingia kliniki akiwa beberu. Mguu wake wa mbele ulikuwa umevimba palepale alipochomwa na msumari, na simu alikuwa ameibana mdomoni ili aweze kulipa. Adhis alimwambia angoje zamu yake. Mwenye mbwa akasogea kidogo kwenye benchi kumpisha.

Khamala alikuwa amejaribu zahanati kwanza. Kila Jumatatu aliambiwa dawa zinakuja Alhamisi, na kila Alhamisi aliulizwa mbona hakuja Jumatatu. Kwa Adhis, pale kando ya reli mtaani Laini Saba, dawa zilikuwepo, friji ilifanya kazi na hakuna mgonjwa aliyekemewa. Shida ni kwamba leseni iliyotundikwa ukutani ilimruhusu kutibu wanyama peke yao. Khamala alikuwa ametatua shida hiyo kwa upande wake. Alidungwa sindano, akafungwa bendeji, na kidonda kilipopona akaamka akiwa mtu, akarudi kupiga randa. Ila tangu hapo alikuwa na tabia ya kutafuna risiti.

Habari zikaenea. Sella wa mandazi alikuja akiwa kuku, kwa sababu ya malaria. Osewe alikuja akiwa punda, kwa sababu ya mgongo, akasoma gazeti lote la kliniki na kulirudisha likiwa na mate. Mkaguzi kutoka ofisi ya leseni, aliyesikia kwamba Adhis anatibu watu, alifika akachungulia hadi chini ya meza. Hakuona mtu, akaridhika. Wiki iliyofuata alirudi akiwa jogoo mwenye mafua.

Biashara ikanoga. Adhis akafungua tawi Kawangware, ambako nako zahanati ilikuwa na kila kitu isipokuwa dawa. Chumba cha huko kilikuwa kidogo, kwa hivyo Waithira, aliyekisimamia, alibandika mlangoni tangazo kwamba wagonjwa waje wakiwa kuku au sungura. Watu walielewa.

Aliyekataa ni mmoja tu, Akoth, mama yake Adhis, muuza dagaa wa omena na mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kifua chake kilikuwa kimebana. Adhis alijua ni nimonia kwa kumsikia tu akivuka mtaro, na alijua pia kwamba mapafu hayo hayangengoja Alhamisi nyingi. Lakini akimdunga akiwa mtu, leseni ingeondoka, na kuku wote wale wangeenda wapi?

"Mama, njoo ukiwa mbuzi, au hata sungura."

"Sungura ni babako," Akoth alisema. "Mimi nilibatizwa nikiwa mtu. Nikilia mee mbele ya akina mama wa kanisa, nani ataniombea?"

"Akina mama wa kanisa ndio hao bata pale nje."

Akoth aliwaangalia bata. Mmoja akaficha kichwa chini ya bawa.

Hata hivyo alikwenda zahanati. Nesi Valentine, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwonyesha kabati tupu lenye kufuli zuri, akamwambia Alhamisi. Alhamisi Akoth alishindwa kumaliza njia. Aliketi kwenye jiwe, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya soda iliyokwisha. Adhis alimkuta hapo.

"Basi chagua mnyama mwenyewe," alimwambia.

"Mahari yangu ilikuwa ng'ombe," Akoth alisema. "Nikiwa kitu, nitakuwa kitu ambacho baba yangu alikikubali."

Kesho yake asubuhi, ng'ombe mweusi aliyefunga kitambaa cha kanisa kichwani alikuwa amekwama kati ya choo na kibanda cha Mburu cha kuchaji simu. Hakuweza kwenda mbele wala nyuma. Watoto wa shule walipita chini ya tumbo lake wakimsalimia, niaje, Mama Adhis. Adhis alileta sindano kubwa ya ng'ombe, akamtibu papo hapo njiani, akiweka sikio kwenye mbavu kila asubuhi. Mburu alilalamika kwamba wateja wanazibiwa njia, kisha akaanza kutundika nyaya zake za chaja kwenye pembe. Majirani walileta sukuma wiki. Bata walikuja wakaimba pambio, na hawakukosea sauti.

Pumzi ilipokaa sawa, Akoth alionekana amesimama palepale na ndala moja mguuni. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani alikuwa anamkamua. Mburu akatazama chini. Chai yake ilikuwa nzito wiki nzima.

Baadaye kidogo zahanati iliweka kibao chenye mshale wa kuelekea kwa Adhis. Mheshimiwa mmoja alikuja na mahema, akakizindua kibao hicho, akasema huduma sasa zimesogezwa karibu na wananchi. Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga mbawa.

Jumatatu iliyofuata Akoth alikwenda zahanati akakaa kwenye benchi, peke yake.

"Si umepona, mama?" Valentine aliuliza.

"Nimepona."

"Sasa unangoja nini?"

"Dawa."

"Hakuna. Labda Alhamisi."

"Nitakuja," Akoth alisema, "na nitakuja kwa miguu miwili."

Lakini hakuinuka. Alitoa jani la sukuma wiki kwenye mkoba, akaanza kulitafuna polepole, taya ikienda upande, ikirudi upande.