Alizeti ya Milia

Fundi baiskeli hakuwa amelima alizeti hata siku moja, lakini mke wa marehemu kaka yake alipomwambia, "Shemeji, wewe unajuana na watu, nichagulie mbegu nzuri ya mafuta," alikubali kifua mbele.

Duka la pembejeo lilikuwa na mbegu chotara za aina nyingi. "Unataka za kukamua au za kutafuna?" muuzaji alimwuliza. Nyuma yake walisimama watu wanaomfahamu. Hakujua kama kuna tofauti, na kuuliza aliona haya. "Mimi si mgeni wa kilimo, mama," akajibu, akanyooshea kidole pakiti yenye mbegu nene za milia. Zile nyeusi, nyembamba, alizidharau. Kwake zilikuwa kama mavi ya panya.

Shamba lilistawi, vichwa vikawa kama sinia. Shemeji yake akamsifu kwa kila jirani, naye sifa zote akazipokea.

Siku ya kukamua, mashine ilinguruma, mashudu yakamwagika tele, lakini mafuta yalichuruzika kama pua ya mwenye mafua. Mkamuaji akachota punje chache, akazitafuna. "Hizi ni za kutafuna, ganda tupu. Nani alikuchagulia?"

Fundi akainamia gunia, akajifanya anafungua kamba.

"Nilichagua mwenyewe," mjane akasema. "Sikuuliza mtu."

Foleni ikacheka. Mmoja akasema kichwa kigumu hakina dawa. Fundi akafungua mdomo akiri, akaufunga. Alipoufungua tena, watu walikuwa wameshahamia habari nyingine.

Njiani, mjane akiwa na ndoo ya mafuta isiyofika hata nusu, ndipo fundi alipoweza kusema. "Muuzaji aliniuliza, shemeji. Nikajifanya najua."

"Nimejua."

"Tangu lini?"

"Ulipoinamia gunia. Nilikuwa nangoja useme palepale."

Fundi akaomba amsaidie kubeba ndoo. Mjane akasema si nzito.

Kesho yake asubuhi alirudi mashineni, akasimama mbele ya foleni, akatangaza kwamba mbegu zile aliziteua yeye, shemeji yake hana kosa. Wale wa jana hawakuwepo. Hawa wa leo walitazamana, hawaelewi anazungumzia mbegu gani.

"Sawa, fundi," mkamuaji akasema, akaendelea kumimina punje nyeusi za mtu mwingine. "Sogea kidogo, unaziba njia."