Breki Ilikuwa Upande Wangu

Niseme mapema, ili mtu asinionee huruma bure: mimi ni mbishi. Nimezaliwa mbishi, nikaolewa mbishi, na biashara yangu ya dagaa pale Mwigobero nimeijenga kwa ubishi. Madalali wote wa Musoma wanajua, Dorkas akisema hapana, hata ulete padri.

Na ile Benzi niliipenda. Nyeusi, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unasikia sauti ya kitu kizito kinachojiheshimu. Niliinunua baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuanika dagaa juani. Siku nimeileta, mwenyekiti wetu wa mtaa alikuja kuizunguka, mikono nyuma, akaniuliza gari ni ya nani. Nikamwambia ni ya dagaa. Aliondoka hajacheka.

Mume wangu, Stanislausi, alikuwa mwalimu wa sekondari mpaka alipostaafu. Nilikuwa namwita Ticha, maana kwao ni Mwitongo, na kule Butiama ukisema Mwalimu watu wanajua unamsema mmoja tu. Hakuwahi kujifunza kuendesha. Kwa hiyo dereva ni mimi, yeye anakaa kushoto, koti limekunjwa magotini, ananisomea barabara kana kwamba mimi sina macho. "Hamsini hapa, Mama Ephraim." "Kuna tuta." "Watoto wa shule hao." Nilikuwaga namwambia, Ticha, kengele imegonga, shule imefungwa, nyamaza tufike. Anacheka. Baada ya dakika mbili anaanza tena.

Huyo ndiye aliyeanza habari za gari mpya. Alikuwa anaangalia video kwenye simu, jioni, miwani imeshuka puani. Kuna gari za siku hizi, akasema, zina kamera mbele na nyuma, zinatumia mafuta na umeme, na zikiona kitu barabarani dereva asipoona, zinasimama zenyewe. "Njoo uone, Mama Ephraim. Hii imeona ng'ombe."

Nilikwenda nikaona. Nikamuuliza hiyo mashine imemjulia wapi ng'ombe, imeshawahi kukanyaga mavi yake? Mimi baba yangu alikuwa na zizi upande wa Nyamuswa. Nimechunga kabla sijajua kuandika jina langu. Najua ng'ombe wa mbele akivuka wote watamfuata, na wa mwisho akishapita unaondoka. Halafu leo niuze Benzi yangu, ninunue gari ya kunifundisha mifugo?

"Haikufundishi," Ticha akasema. "Inakusaidia."

"Nikitaka msaada nitaomba."

Alifunga simu. Hakuwa mtu wa kugombana. Miaka miwili hivi aliendelea kunionyesha zile video, na miaka miwili niliendelea kumwambia hapana.

Mwaka jana mwezi wa pili tulikuwa tunatoka Bunda, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Hatujafika Kiabakari, tukakuta kundi la ng'ombe linavuka kutoka kushoto kwenda kulia. Nikasimama. Wa mwisho alipopita nikaondoka, na nikaondoka kwa kasi maana kiza kilikuwa kinakaribia. Ng'ombe mmoja akageuka, akarudi barabarani. Nikakata kulia, akatuingia kushoto, juu ya boneti mpaka kwenye kioo. Ticha alifariki kabla hatujafika hospitali. Mimi nilitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso.

Hivyo ndivyo nilivyowaeleza trafiki. Ndivyo nilivyomweleza mwanangu Ephraim. Ndivyo nilivyosema kanisani nilipopewa nafasi ya kusema neno, jeneza likiwa mbele yangu: ng'ombe aligeuka ghafla. Na ni kweli aligeuka.

Watu walinifariji. Siku yake ilikuwa imefika, Mama Ephraim. Kazi ya Mungu haina makosa. Hakuna gari ambayo ingezuia. Nililishika hilo neno la mwisho, nikalala nalo, nikaamka nalo. Hakuna gari ambayo ingezuia. Nikaipeleka Benzi kwa fundi Bernado kule Bweri. Alikaa nayo miezi mitano, akanirudishia ikiwa nzima, ila boneti ilikuja na weusi ambao siyo ule wa mwanzo. Nikawa naiendesha. Watu walishangaa, wengine walisema mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Waache waseme.

Ephraim ndiye hakuiacha habari ya gari mpya. Ni afisa kilimo, anakaa kwenye nyumba ya baba yake Mwitongo, ana watoto wawili, Adventina na Fred. Alinipigia siku moja bila hata kusalimia vizuri. "Mama, watoto wangu hawapandi ile Benzi tena. Kama unataka kuwachukua, nunua ile gari Baba aliyokuwa anaisema. Mimi nitakuchangia."

Nilimwambia sihitaji mchango. Nikamwambia pia gari ile isingemsaidia baba yake.

"Umejuaje?"

"Ng'ombe alikuwa karibu mno."

"Basi ijaribu, Mama. Ijaribu uniambie mwenyewe. Ukisema haifai, sitataja tena."

Hapo akawa amenibana. Kwa sababu suala halikuwa gari. Ile gari ikiwa haifai, Ticha alikufa kwa siku yake, na mimi ni mjane kama wajane wengine. Ikifaa, basi alikufa kwa ubishi wangu. Nilikuwa naijua hesabu hiyo vizuri kuliko Ephraim alivyodhani.

Nikampigia kijana mmoja anaitwa Mayala, anauza magari Mwanza. Nikamwambia sitaki kuonyeshwa gari kwenye lami ya mjini, ailete Bunda, nitaijaribu kwenye barabara ninayoichagua mimi. Akaja Alhamisi, shati limepigwa pasi, anaongea kwa adabu, kila sentensi "Mama" mbili. Gari ilikuwa ya rangi ya maziwa, haina sauti kabisa, unadhani haijawaka. Ndani kuna skrini kubwa kama ya televisheni. Mayala alinieleza hiki na kile, nikamwambia nyamaza kwanza. Benzi yangu nikaiacha pale stendi, nikaingia kwenye hiyo nyeupe, yeye akakaa kushoto.

Nilisali njiani. Sisali sana siku hizi, lakini siku ile nilisali, na nilichoomba ni kwamba gari ishindwe. Mungu anisamehe. Nilimwomba aifanye hiyo mashine ishindwe mbele ya macho yangu ili nirudi nyumbani nikalale.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ya ng'ombe kurudi kutoka majini. Niliijua saa na nilipajua mahali. Tukalikuta kundi linavuka, si lile, la mtu mwingine, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Nikasimama. Wakapita wote, mchungaji akaninyooshea fimbo kwamba niende. Nikaondoka. Mayala alikuwa ananieleza habari za betri.

Gari ikaanza kulia. Sauti ya haraka haraka, na alama nyekundu ikatokea mbele yangu. Mimi sikuona kitu. Kisha nikaona: mtamba mmoja mwekundu aliyechelewa anatoka kichakani upande wa kushoto, kichwa chini, anawafuata wenzake. Nilikuwa na nafasi ya kukanyaga breki. Sikukanyaga. Niliurudisha mguu nyuma, nikaukaza sakafuni, nikashika usukani, nikasubiri. Nilisikia Mayala anasema "Mama."

Gari ikasimama. Yenyewe. Mkanda ulinibana kifua mpaka pumzi ikakatika. Yule mtamba alikuwa mbele yetu hatua tatu, akageuza shingo kututazama, akamalizia kuvuka kama hakuna kilichotokea.

Mayala alijifuta jasho, halafu biashara ikamrudia kichwani. "Umeona, Mama? Kwanza inalia. Inakuonya. Kama dereva hajasikia, ndiyo inakanyaga breki yenyewe."

Nilifungua mlango nikashuka. Nilikwenda mpaka kwenye majani pembeni ya barabara nikakaa chini, na gauni langu la kitenge, mimi mama mzima. Mayala akaiegesha gari, akanifuata, akadhani nimeumia. Akaniuliza kama aniletee maji.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa, na suruali yake ya pasi.

Nikamwambia yule kijana jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia kwamba yule ng'ombe aliyerudi barabarani alikuwa mama, na alikuwa anamrudia ndama wake. Ndama alikuwa amebaki upande wa kushoto, kwenye majani, mdogo, wa siku chache. Mimi upande wangu sikumwona. Ticha alimwona. Alisema, taratibu kama kawaida yake, "Subiri kidogo, Mama Ephraim, kuna ndama huku amebaki." Mtoto yeyote aliyechunga siku mbili anajua maana yake. Ndama akibaki, mama atarudi. Hilo hulifundishwi, unalijua. Lakini nilikuwa nimechoka, tena siku nzima kule kwenye sherehe alikuwa amenisema mbele ya ndugu zake juu ya ile gari mpya, na wote walicheka. Nikamjibu, "Ticha, utanifundisha ng'ombe mimi?" Nikakanyaga mafuta.

Hakupata nafasi ya kujibu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na neno langu la mwisho kwake ni hilo.

Mayala aliinamisha kichwa. Nadhani ana mama yake mahali.

"Gari yako ni nzuri," nikamwambia. "Inaona, inasema, na mtu akiwa hasikii inakanyaga breki. Mume wangu alikuwa anaona. Na alikuwa anasema. Breki tu ndiyo hakuwa nayo. Breki ilikuwa upande wangu."

Wazee wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nimeugeuza usemi huo usiku na mchana, na haukai. Sikio lililokataa kusikia ni langu, na aliyekufa ni yeye.

Simu yangu ikaita tukiwa bado tumekaa pale. Ephraim. Alikuwa anajua siku ya majaribio.

"Mama, vipi? Imesimama?"

Ningeweza kusema haikusimama. Mayala asingenisemea. Niliifikiria kabisa, sitadanganya.

"Imesimama," nikasema.

"Nilikwambia, Mama. Baba alikuwa sahihi."

"Ephraim, nisikilize. Baba yako alimwona ndama." Nikamweleza yote, kama nilivyomweleza Mayala, pamoja na neno nililomjibu baba yake, nikamwomba anisamehe. Sikulia. Nilitaka asikie kila neno vizuri.

Nikasikia kuku nyuma yake, na Fred anamwita.

"Kanisani ulisema aligeuka ghafla," akasema. "Umesimama mbele ya jeneza ukasema ghafla."

"Nilisema."

"Mwaka na zaidi, Mama. Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu gari imesimama, mwanangu."

Akakata simu. Nilikaa na ile simu sikioni mpaka Mayala akanigusa bega, akasema Mama twende, giza linaingia. Aliendesha yeye kunirudisha Bunda. Hakuzungumzia betri tena.

Nimeinunua. Benzi niliiuza wiki ileile kwa mtu wa Tarime. Alipoiwasha kuondoka niliingia ndani nisiione inatoka getini, lakini niliisikia, ile sauti yake, mpaka ilipokunja kona. Humo ndimo Ticha alimokaa mara ya mwisho. Niliilia gari nikamlilia na yeye, na sikujua wapi kilio kimoja kinaishia.

Ephraim alikaa miezi miwili hajanipigia. Kisha siku moja akaniandikia ujumbe kwamba naweza kuja kuwachukua watoto Jumamosi. Nilipofika Mwitongo alitoka, akanisalimia, "Shikamoo Mama," akaizunguka gari akaikagua, akawafunga watoto mikanda yeye mwenyewe, kiti kwa kiti. Aliuvuta kila mkanda mara mbili. Nikamwambia apande na yeye, twende wote. Akasema ana kazi. Mpaka leo tunaongea hivyo, ya lazima tu, kwa heshima. Sijamwomba msamaha mara ya pili. Mara ya kwanza alinisikia, anajua mahali nilipo.

Watoto wanaipenda. Huwa nawapeleka mpaka Kisorya wakaangalie kivuko kikitoka kwenda Ukerewe. Naendesha polepole, malori yananipigia honi. Ile gari ikilia kidogo tu, hata kama ni mbuzi yuko mbali pembeni, hata kama mimi nimeshamwona, nakanyaga breki hapohapo, nasema, "Nimesikia, Ticha. Nimesikia."

Juzi Adventina akaniuliza, "Bibi, unaongea na nani?"

Nikamwambia naongea na gari.