Kiuno Arobaini na Moja

Gauni lilikataa kupita nyonga. Nilivuta, nikabana pumzi, nikavuta tena, likagoma palepale. Na kiunoni limepwaya hata ningeweza kufuga kuku humo. Fundi, bibi wa watu ambaye macho yake yameingia ukungu mwaka wa pili huu, alikuwa upande wa pili wa pazia akisubiri sifa zake.

"Limekaa, mwalimu?"

Nikatoka hivyo hivyo, shimizi nje. Akapapasa kiuno, akashuka kwenye nyonga, vidole vikasimama.

"Nimefuata daftari mimi," alisema. "Kifua arobaini, kiuno arobaini na moja, nyonga arobaini na mbili. Kiuno kupita kifua! Nikajisemea, mwalimu ana jambo lake la heri huyu, nisimchimbe."

Ningecheka, ila hivyo sivyo nilivyoandika. Vipimo nilijipima na kuviandika mwenyewe mle dukani, kwa kuwa yeye haoni: arobaini, thelathini na tatu, arobaini na sita. Cha kwanza nilikitamka kwa sauti, mjukuu wake akiwa kando. Viwili vilivyofuata niliviandika kimya. Bibi hukata kwa vidole, maana utepe wake ameushonea fundo kila inchi. Kusoma daftari ndiyo kazi ya mjukuu. Na mjukuu ni mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza. Tunamwita Kengele, kwani sauti yake ndiyo inayowaamsha wenzake tisini na mmoja.

Jamani, mwaka mzima nimefundisha nini? Nilisimama na fimbo mbele ya namba za ukutani, nikagonga moja, wakaimba moja. Nikagonga mbili, wakaimba mbili, hadi mia, bila kuruka. Siku niliyoruka, darasa lilinyamaza kimya, mwalimu mkuu akachungulia dirishani kuuliza kulikoni. Sikuruka tena. Wamejifunza kupanga mstari, kukunja mikono, kuitikia kwa pamoja. Kwenye ripoti ya Kengele niliandika: kusoma na kuhesabu, vizuri sana. Bibi yake alisomewa na jirani, akalia kwa furaha, na wiki ile ile akafungua duka alilokuwa amelifunga kwa sababu ya macho. Gauni langu ndilo la kwanza.

Nikamwita Kengele kando, nikafungua daftari, nikaweka kidole kwenye thelathini na tatu. "Hii ngapi, mwanangu?" nilinong'ona.

Hakuitazama. Alikaza macho kwenye mdomo wangu, akiusubiri uanze.

"Mwalimu," bibi aliita, "niambie kweli. Kakosea mtoto, au ni mkono wangu? Kama ni mkono, cherehani naiuza kesho. Sitaki kuharibu vitambaa vya watu uzeeni."

Bibi haoni, mtoto hajui, na anayeona na kujua ni mimi peke yangu. Niliogopa. Wala sikuogopa kwa ajili yao; niliogopa ile sahihi yangu kwenye ripoti.

"Si wewe, bibi, wala si mtoto. Niliandika vibaya mimi."

"Loo! Kumbe na mwalimu hukosea?" Akashusha pumzi, akacheka hadi ufizi ukaonekana. "Afadhali, mwanangu. Nilidhani nimekwisha."

Akashusha rafuni kitambaa cheupe, akakitandaza mezani na kukilainisha kwa viganja. Ni cha bibi harusi aliyekuja jana akaandika vipimo vyake, naye cha kwanza akikitamka kwa sauti. Kitambaa chenyewe mama yake alikitunza tangu binti anazaliwa. "Kengele, mjukuu wangu, hebu tusomee."

Kengele akalishika daftari kwa mikono miwili, akajinyoosha kama nilivyomfundisha. Kwanza alinitazama. Mdomo wangu ulikuwa umefumbwa. Basi akaanza mwenyewe, kwa sauti ile ile safi:

"Thelathini na nne! Thelathini na tano! Thelathini na sita!"

Bibi aliinua kichwa, akatega sikio, kisha akatabasamu.

"Ehe," alisema, mkono ukipapasa meza kutafuta mkasi. "Na huyu naye ana jambo lake."